Chumvi na Mkaa wa Muzdalifa

Wiki jana tulimwacha Muzdalifa amechuchumaa nyuma ya banda lake la video, kiganja kimejaa chumvi ya mawe, fimbo ya shaba imelala magotini, na mbele yake shimo lenye mkaa. Sauti ya mwanaume ikatoka kisogoni kwake: "Usinyanyuke!"

Basi akanyanyuka.

Ndivyo alivyo Muzdalifa. Mwambie akae, atasimama. Mwambie anyamaze, mtaa mzima utamsikia. Alikung'uta kanga yake, akageuka taratibu, utadhani ameitwa na mbu.

Walikuwa sungusungu, pinde mikononi na firimbi shingoni, na nyuma yao nusu ya watu wa gulio la Jumamosi. Mbele kabisa alisimama Luhaga, kamanda wao, ndani ya koti jeusi ambalo halivui hata jua la Bariadi likiwa la kukaanga mayai.

"Mwadila, mayu," Luhaga alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kwa upole. Bwana huyu ana adabu sana. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa naye kabla ya kusalimiwa.

"Salamu kampe aliyekualika. Uani kwangu mmeingia kwa ruhusa ya nani?"

"Tumeambiwa unazika kitu."

"Nazika. Una macho, unauliza nini? Chumvi, mkaa na shaba. Nauteremsha uchafu wa umeme ardhini."

Umati uliguna kwa pamoja.

"Amekiri!" Machibya alipaza sauti kutoka nyuma ya migongo ya wenzake, mahali anapopenda kuonyeshea ushujaa wake. "Mmesikia kwa masikio yenu!"

Wewe msomaji uliyeazima gazeti la jirani, sogea tukueleze upesi, na wiki ijayo ununue la kwako.

Kwa wiki kadhaa sasa, mtaa wote ulio kwenye laini hii ya umeme, kuanzia msikitini hadi njia ya kwenda Lagangabilili, umerukwa na akili. Redio zinanguruma kama mashine ya kusaga. Televisheni zimejaa chenga. Banda la Muzdalifa, lililokuwa likijaza watu mpaka madirishani, limebaki na mabenchi yake. Wateja wamehamia ng'ambo ya barabara kwa Machibya, ambako picha imetulia kama maji ya mtungini.

Na Machibya ni nani? Ndiye yule aliyekuwa meneja wa chama cha ushirika wa pamba. Ushirika ulimfia mikononi, soko huria likaingia, na yeye akaamka asubuhi akijiita mwekezaji. Watu wakamwamkia.

Januarius, fundi wa kutoka Mwanza, ndiye aliyemfumbua macho Muzdalifa. "Mama, kuna mtu kwenye laini hii ana chombo kibovu," alimwambia. "Kinacheua uchafu kwenye nyaya, uchafu unaingia kila nyumba. Nitakufungia kisanduku cha kuuchuja. Wewe chimba shimo, weka mkaa na chumvi ardhi ipitishe vizuri, simika shaba, uunge waya. Uchafu wa kwako utashuka chini. Ila dawa yenyewe ni kumpata mwenye chombo." Akala ugali wake, akapanda basi la Mwanza.

Chumvi na mkaa, jamani! Kwa fundi ni kazi ya kawaida kabisa. Lakini Usukumani nani hajui mashindano ya ngoma? Wagika huku, Wagalu kule, na hakimu ni watazamaji wenyewe: upande uliokimbiwa ndio ulioshindwa. Kila upande huzika dawa yake uwanjani mapema ili uvute watu na kumvuruga mwenzake. Sasa mabanda mawili ya video yanatazamana, moja limejaa, jingine tupu, na mwenye banda tupu anakutwa ameinamia shimo. Hata mbuzi wa gulioni alikwisha kutoa hukumu.

Muzdalifa angeweza kueleza kwa upole. Alichofanya ni kuwatazama mmoja mmoja, akaona kueleza umeme kwa watu wale ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Kama ninyi ndio walinzi wa mji," alisema, "basi wezi wana ndugu wengi."

"Mjomba wangu kazikwa Kimali mimi sipo!" Mboje, mmoja wa sungusungu, alichomoka mbele, macho mekundu. "Tangazo la kifo lilisomwa redioni. Nimeshika jina la kijiji tu, maneno mengine yote mngurumo. Nimefika watu wameshaanua matanga! Unajua aibu hiyo, mayu? Kumkosa mjomba wako?"

Muzdalifa alimhurumia Mboje, alimhurumia kweli. Kisha akakumbuka kwamba Mboje huyu huyu alikataa kubeba jeneza la mume wake, na huruma ikamtoka.

Marehemu Nuruddin alikuwa mtunza stoo wa ushirika. Siku ushirika ulipokufa, chaja kubwa ya betri za malori ilitoweka stoo. Machibya meneja alimnyooshea kidole Nuruddin, na Luhaga kamanda akamsalimia vizuri, kisha akatangaza atengwe. Asisalimiwe. Asiuziwe hata kiberiti. Asichote maji bombani pamoja na watu. Nuruddin akawa anachota lamboni, pamoja na ng'ombe, na asubuhi moja wachungaji wakamkuta anaelea. Alizikwa na mkewe, imamu, na wageni wawili wa Nyalikungu waliokuwa wanapita tu na hawakujua kuwa wanafanya kosa.

"Mayu," Luhaga alisema, "dawa ya ngoma hatuikatazi, ni mila. Lakini hii yako inaziba masikio ya watu wasisikie misiba yao. Adhabu unaijua."

Alikuwa anaijua. Akajifunga kanga upya kwa hasira, kwa kuwa hasira ndiyo aliyokuwa nayo karibu.

"Kabla hamjanitenga, tumieni macho mliyopewa bure. Mahona! Washa televisheni!"

Mahona ni mtafsiri wa sinema bandani, hodari wa kutafsiri Kichina asichokijua kuwa Kisukuma anachokitunga. Aliwasha. Watu wakajisukuma madirishani. Kiooni hakukuwa na kitu ila chenga na mngurumo.

"Mmeona? Sasa tazameni."

Muzdalifa alimwaga chumvi shimoni, akakita shaba kwa jiwe, akamimina ndoo ya maji, akaunga waya wa kisanduku cha Januarius. Chenga zikatoweka. Bwana mmoja wa karate akajitokeza kiooni, safi, akihesabika mpaka meno.

Muzdalifa aligeuka, kidevu juu. Alikuwa ameshinda, na alikuwa anatafuta maneno ya kuwakandamizia.

Kisha mama mmoja muuza karanga akafanya ishara ya msalaba.

"Yesu na Maria! Dawa inafanya kazi!"

Mboje alikimbilia duka la jirani, akarudi anahema. "Kwake kumetakata, kwetu bado zinanguruma! Ameutupa wote kwetu!"

Hapo ndipo akili za mji zilipofika, ndugu msomaji. Mtu anathibitisha kuwa hana kosa, na uthibitisho wenyewe unamfunga. Mahona, ambaye mshahara wake hutoka mfukoni mwa mama huyu, alisogea pembeni hatua moja, kisha nyingine. "Mimi naajiriwa tu," alisema, hata kabla hajaulizwa.

"Mahona, ungekuwa na mkia ungeuficha katikati ya miguu," Muzdalifa alimwambia. Akaingia ndani, akatoka na redio ndogo ya betri.

"Sikilizeni, enyi wataalamu wa uchawi. Redio hii haiko kwenye umeme. Naiweka mahali pasipo na stesheni, na bado inanguruma. Mnasikia? Huo mngurumo unatoka kwenye nyaya, na kadiri unavyosogea kwenye chombo kibovu ndivyo unavyozidi. Nitawapeleka mpaka mlangoni kwa mchawi wenu. Na msizimie mkikuta ni mlango wa mwekezaji."

Macho yote yalimgeukia Machibya. Machibya alicheka, tena cheko la kushiba.

"Na usipomkuta kwa Machibya?" Luhaga aliuliza.

"Mnitenge. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?" Luhaga alisema, na hata sungusungu walicheka. "Haya, mayu. Tuone mganga na redio yake."

Walivuka barabara kundi zima. Redio ilikuwa inanguruma mkononi mwa Muzdalifa, naye alitembea kwa maringo ya bibi harusi, maana hakuwa na shaka hata chembe. Nani mwingine? Mtaa mzima una chenga, mtu mmoja hana. Aliyemzulia Nuruddin wizi angeshindwa nini?

Machibya mwenyewe alifungua geti, akalifungua lote. "Karibu, mjane. Karibu ukague."

Muzdalifa aliingia. Mngurumo ukapungua.

Alisogea mlangoni mwa banda. Ukapungua zaidi. Alipoingia ndani kabisa, ulibaki mlio wa mbu.

"Umekosa nini, mama? Sauti?" Machibya alimsindikiza hadi nyuma ya banda, akamwonyesha kwa mkono wote. "Jenereta. Dizeli. Umeme wao nilishaukata tangu kelele zianze. Sisi wenye akili hatupigani na matatizo, tunanunua suluhisho."

Kumbe jenereta! Kila siku alikuwa akilisikia likitutuma, na kila siku alikuwa akilisonya, akisema ni mbwembwe za tajiri wa juzi. Dharau yake ilimziba masikio asijiulize swali la mtoto wa darasa la pili: kwa nini mtu mwenye umeme anawasha jenereta? Uso ulimwaka moto kwa aibu. Machibya ni mwongo, ni mwoga, na leo alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Luhaga aliinua firimbi. Ikishapulizwa, imekwisha: kesho asubuhi hakuna wa kumuuzia maziwa, hakuna wa kumjibu salamu, hakuna wa kumpa zamu bombani. Angebaki na lambo, alikoishia mume wake.

Machozi yalikuja. Muzdalifa aliona afadhali afe kuliko Machibya ayaone, akawapa kisogo watu wote, akatazama barabarani.

Na redio mkononi ikanguruma.

Alipiga hatua moja kuelekea barabarani. Ikazidi. Alitoka getini akakata kushoto, njia ya Lagangabilili. Ikazidi tena.

"Inatosha, mayu," Luhaga alisema. Firimbi ilikuwa bado haijafika mdomoni. "Umekubali mwenyewe. Umeshindwa."

"Kamanda, mwache kidogo," Mboje alisema. "Inaongezeka. Hata mimi nasikia."

"Nimesema inatosha!"

Lakini nani humwita mtu arudi wakati anafuatwa na gulio zima? Watu walikuwa wameshaonja utamu wa jambo. Muzdalifa alifuata nguzo za umeme, moja hadi nyingine, redio mbele kama mtu anayeongozwa na mbwa. Walipita duka la vitenge. Walipita mashine ya mpunga iliyozimwa. Wakaingia kichochoro chenye ua wa minyaa, na huko redio ilinguruma kwa nguvu iliyomtetemesha mkono.

Alisimama. Watu nyuma yake walikuwa wameshasimama zamani, kwa kuwa wao hawakuwa wakitazama nguzo, wakatambua mapema nyumba hiyo ni ya nani.

Ilikuwa nyumba ya Luhaga.

Mkewe, Kwandu, alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliwatazama wote, kisha akamtazama mume wake, na ungo ukaanza kumwaga mchele bila yeye kujua.

"Humu haingii mtu," alisema. "Kuna mgonjwa."

"Nani anaumwa?" Mboje aliuliza. "Asubuhi si ulisema wote hamjambo?"

Luhaga alijipenyeza mbele. Upole ulikuwa umemtoka, jasho limelowesha kola ya lile koti. "Kwangu hakuna hata redio! Nani hajui? Bariadi nzima inajua, kamanda hasikilizi muziki!"

"Kweli kabisa," Muzdalifa alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Hana redio, hana televisheni. Basi huu waya wa umeme unaoingia darini kwake, bwana kamanda, unaleta nini? Chai?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta, akaacha. Kwandu hakusubiri kingine. Aliutupa ungo, akaingia ndani mbio.

Tukasikia *ta!* ya swichi.

Redio mkononi mwa Muzdalifa ikanyamaza. Ikabaki pumzi tu, ile ya redio isiyo na stesheni.

Halafu mtaa wote ukasema. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, na katika kila nyumba mtu alikuwa amekaza redio yake mpaka mwisho ili aushinde mngurumo. Mngurumo ulipokatika, sauti ya mtangazaji ilitoka kila dirisha kwa nguvu zote, neno kwa neno: jina la marehemu, kijiji, jina la mwanawe aliyeko Shinyanga, siku ya maziko. Wanaume walivua kofia. Mboje alisimama katikati ya kichochoro akilia waziwazi kwa msiba wa mtu asiyemjua, kwa sababu tu aliusikia wote.

"Amezima," alisema. "Kwandu amezima, na zote zimepona. Kamanda, ulikuwa wewe?"

Luhaga alikuwa anamtazama Muzdalifa, ambaye alikuwa ameshakanyaga kizingiti.

"Mayu, ngoja!" Mboje alimkimbilia. "Tuingie wote. Usiingie peke yako."

Hapa, msomaji, mtu mwenye busara angesema "asante, baba" na kungoja. Lakini tangu lini?

"Wote na nani?" Muzdalifa alimpima kutoka kichwani hadi kandambili. "Siku ya kumzika Nuruddin nilihitaji wanaume wanne wa mtaa huu, nikakosa hata nusu ya mwanaume. Leo mmekuwa wengi? Kaa huko huko na woga wako, usikilize redio."

Mboje aliinamisha kichwa, akarudi nyuma. Wengine wakarudi naye.

"Nyumba ni yangu," Luhaga alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwonyesha mwenyewe." Akaingia nyuma yake.

Ndani kulikuwa na giza na harufu kali ya tindikali. Macho ya Muzdalifa yalipozoea, aliona betri za magari zimepangwa ukutani kwa safu, zimeandikwa kwa rangi nyeupe majina ya wenyewe wa vijijini. Aliona mlango wa nyuma, na matairi ya baiskeli yalivyouchimba udongo wake kwa kuingia na kutoka. Kwa hiyo hii ndiyo biashara ya mtu asiye na redio! Mlinzi wa mji anachajia watu betri kwa siri. Alitaka kucheka, na cheko lenyewe lilikuwa limeshafika kooni.

Kisha akaiona chaja yenyewe, na cheko likamkwama.

Ilikuwa kubwa, ya kijani, ya kuchajia betri za malori. Swichi yake ilikuwa imelegea na kuungua, nyeusi pembeni ilikokuwa ikirusha cheche. Mpini wake ulifungwa kitambaa kilichochakaa, na chini ya uchafu na mafuta bado yalionekana maua ya njano.

Alipiga magoti, akakishika kitambaa kile kwa vidole. Fundo lilikuwa lake. Alilifunga mwenyewe, kwa kipande alichokichana kwenye kanga yake, jioni Nuruddin aliporudi kutoka stoo na malengelenge kiganjani, akilalamika kuwa chaja ya ushirika ina mpini wa chuma kitupu.

"Hii," alisema, na sauti ilitoka ndogo, wala haikuwa sauti yake tunayoijua. "Hii ndiyo mliyomtengea mume wangu. Ilikuwa hapa. Siku zote ilikuwa hapa."

Nyuma yake komeo la mlango wa mbele lilifungwa. Kwandu, bila kuambiwa, akaegemeza gogo kwenye mlango wa nyuma, kwa wepesi wa mtu ambaye si mara yake ya kwanza.

Luhaga alivua lile koti jeusi, akalitundika ukutani vizuri. Akasogea. Leo hakusalimia.

"Nuruddin naye alifika mpaka hapo ulipo," alisema. "Akapiga magoti hivyo hivyo. Akakishika hicho kitambaa hivyo hivyo. Unadhani lamboni alikwenda kuchota maji?"

Muzdalifa alipiga kelele kwa nguvu zake zote, akaita jina la mtu aliyemfukuza punde tu. "Mboje! Mboje!"

Nje, redio za mtaa mzima zilikuwa zinasema bila doa, zimekazwa mpaka mwisho, na Mboje alikuwa amekaa alikoambiwa akae, anazisikiliza.